Mapambo ya Sikukuu Katika Ofisi za Vyama: Yaruhusiwe au Yakatazwe?



Kila mwaka sikukuu zinapokaribia, makatibu kadhaa huniuliza swali moja ninapopita kukagua vitabu vya vyama vyao. Je, ni halali ofisi ya chama kupambwa kwa ajili ya Krismasi, Idd au Maulidi? Wengine huuliza kwa kutaka kujua tu. Wengine huuliza kwa sababu manung'uniko yamekwisha kuanza. Kwa kuwa swali hili halina jibu katika daftari lolote la fedha, nimeona ni vema nilieleze hapa, ili vyama vyote vipate kulijadili mapema. Jambo la namna hii likingojewa mpaka mapambo yatundikwe, huwa halijadiliwi tena kwa utulivu.

Yawezekana baadhi ya wasomaji watasema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba mkaguzi angefanya vema kuandika juu ya makato, mizani na madeni. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka nilipokiona chama kizuri kikikaribia kugawanyika kwa sababu ya mti wa karatasi na taa chache.

YALIYOTOKEA KATIKA CHAMA KIMOJA

Chama chenyewe sitakitaja. Ni chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambacho wanachama wake ni Waislamu na Wakristo waliokaa pamoja tangu enzi za babu zao, wakioana na kuzikana. Mwezi wa Desemba, wakati malipo ya minada yakiendelea, karani mmoja alitundika karatasi za kumetameta kwenye dirisha la malipo, na juu ya kabati la mafaili akaweka mti mdogo wenye taa. Alifanya hivyo kwa nia njema, na siku hiyo hakuna mwanachama aliyelalamika. Fedha zilizotumika zilikuwa chache mno. Hazingetosha kununua hata matairi mawili ya baiskeli. Katibu aliziandikia hati ya malipo, akaziingiza katika fungu la matumizi mengineyo.

Mambo mawili yakafuata. La kwanza, karatasi zile zilining'inia mbele ya ubao wa matangazo, zikafunika nusu ya taarifa iliyoonyesha bei ya mnada na makato ya kila kilo. Wanachama waliokuja kusoma hesabu yao wakakuta maua mahali palipokuwa na tarakimu. Asiyejua chanzo chake angeweza kudhani kwamba makato yamefichwa makusudi. Na kweli wapo waliodhani hivyo. La pili, miezi kadhaa baadaye Maulidi ilikaribia, vijana wa Kiislamu wakaomba chama kiwasaidie taa na vitambaa vya kupamba uwanja wa ghala. Wakajibiwa kwamba chama hakina fungu la mambo ya dini.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Bodi ilipoona minong'ono inazidi, ikadhani kwamba dawa yake ni kukataza kila kitu. Likabandikwa tangazo kwamba kuanzia siku hiyo alama yoyote ya dini ni marufuku ndani ya ofisi na ghala. Karani akaamriwa kuondoa mezani pake kalenda ndogo ya parokia yake. Mtunza ghala akaulizwa kwa nini anaingia kazini amevaa kofia ya sala. Basi chama kilichokuwa na upande mmoja wenye manung'uniko, sasa kikawa na pande mbili.

Nilifika kwa ukaguzi siku chache kabla ya mkutano mkuu, nikaalikwa kuhudhuria. Ajenda ya makisio ya mapato na matumizi, ambayo ndiyo roho ya mkutano ule, haikufikiwa mpaka jua lilipokuwa linaelekea kuzama, kwa kuwa saa nyingi zilitumika kubishana juu ya mti, taa na kofia. Wapo waliotamka wazi kwamba msimu ujao watapeleka korosho zao chama cha jirani. Ndipo mzee mmoja aliposimama, akasema maneno ambayo niliyaandika pembeni mwa daftari langu: "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na ule mti. Wajukuu zangu waliupenda. Lakini nilipoambiwa kwamba taa zetu hazina fungu, nilijiuliza: je, ule mti ulinunuliwa kwa korosho za nani?"

Mkutano mzima ulinyamaza. Naamini kwamba mzee yule, kwa swali lake moja, alituonyesha mahali penye tatizo.

TATIZO LENYEWE NI LIPI?

Watu wanapobishana juu ya mapambo ya sikukuu hudhani kwamba wanabishana juu ya dini. Mara nyingi sivyo. Mwislamu wa kijijini hakasirishwi na furaha ya jirani yake Mkristo, wala Mkristo haoni uzito kualikwa pilau ya Idd. Majumbani mwetu mambo haya yalikwisha kupata ufumbuzi zamani. Tatizo huanza pale furaha ya upande mmoja inapolipiwa kwa fedha za wote, au inapowekwa mahali pa wote bila idhini ya wote. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama pambo ni la Krismasi au la Maulidi, bodi ijiulize maswali matatu: Nani analipa? Linawekwa mahali pa nani? Na nani ameamua?

USHIRIKA UNATUFUNDISHA NINI

Swali la dini ndani ya ushirika si geni. Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za wafanyakazi wa mji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844. Duka lao katika mtaa wa Toad Lane lilifunguliwa tarehe 21 Desemba mwaka huo, siku nne tu kabla ya Krismasi, likiwa na unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache, pamoja na mishumaa. Watu wale hawakuwa na imani moja wala msimamo mmoja wa siasa. Walichokubaliana ni mizani sahihi, bidhaa safi na gawio la haki kwa kila mnunuzi kwa kadiri ya manunuzi yake.

Kutokana na mazoea ya vyama vya namna hiyo, Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani, katika mkutano wake wa mwaka 1937 uliofanyika Paris, liliweka miongoni mwa kanuni za ushirika jambo la kutofungamana na upande wowote wa siasa wala wa dini. Kanuni hizo zilipitiwa tena mwaka 1966 huko Vienna, na mara nyingine mwaka 1995 huko Manchester. Kwa mujibu wa tamko la mwaka 1995, ambalo ndilo tunalolifuata hadi leo, uanachama ni wa hiari na mlango u wazi kwa kila mtu aliye tayari kukubali wajibu wa mwanachama, bila ubaguzi wa jinsia, hali ya maisha, rangi, siasa au dini.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 3, inasema kwamba nchi yetu haina dini; na katika ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua mambo ya dini. Maneno haya mawili hayapingani. Dola haina dini ili kila raia apate kuwa na dini yake kwa amani. Chama cha ushirika ni vivyo hivyo. Chama hakiendi msikitini wala kanisani. Wanachama ndio waendao. Tena, pale chama kinapokuwa mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakikataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini yake. Bodi inayomruhusu karani mmoja aweke alama ya imani yake mezani, kisha ikamkatalia mwenzake wa dini nyingine jambo lile lile, inaingia katika hatari hiyo hata kama haikukusudia.

HOJA ZA WANAOKATAZA NA ZA WANAORUHUSU

Wanaotaka mapambo yote yakatazwe wana hoja yenye uzito. Wanasema kwamba ofisi ni mahali pa kazi. Kwamba ukiruhusu moja utaombwa kumi. Na kwamba mwanachama aliye katika idadi ndogo huona haya kulalamika, akajinyamazia huku akijiona mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa hisa zake. Hoja hii ya mwisho naiona kuwa kubwa kuliko zote. Ukimya wa wachache hauna maana ya ridhaa. Katibu asijifariji kwa kusema, "Hakuna aliyelalamika."

Hata hivyo, marufuku ya jumla ina madhara yake, kama tulivyoona. Inamfanya mtu ajihisi kwamba imani yake ni aibu ya kufichwa. Inampa katibu kazi ya kupekua meza za watu na kuwatazama vichwani. Na kwa kawaida marufuku haimwangukii kila mtu sawasawa: kalenda ya picha za mandhari inaachwa, kalenda ya parokia inaondolewa, kofia ya jua inaachwa, kofia ya sala inaulizwa. Isitoshe, vazi la mtu si pambo la ofisi, na kuviunganisha viwili hivyo ni kosa.

Wanaotaka yaruhusiwe husema kwamba mapambo huleta furaha, na kwamba wafanyakazi wenye furaha huhudumia vizuri. Wengine huongeza kwamba haki itapatikana kwa kuipa kila dini zamu yake. Shauri hili linapendeza masikioni, lakini kulitekeleza si rahisi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo Idd na Maulidi huhama, na huweza hata kukutana na sikukuu za Kikristo. Mwezi wa Desemba mwaka 2015, Maulidi na Krismasi zilifuatana kwa karibu sana. Zaidi ya hayo, wapo Waislamu ambao hawasherehekei Maulidi, na wapo Wakristo, kama Mashahidi wa Yehova, ambao hawaadhimishi Krismasi. Bodi ikiamua kwamba "pambo la Waislamu ni hili, na la Wakristo ni lile," imejifanya mwamuzi wa mambo ya imani, kazi ambayo haikuchaguliwa kuifanya. Aidha wapo wanachama wasiofuata dini yoyote kati ya hizo mbili, nao hisa zao ni hisa kama za wengine.

NJIA INAYOFAA

Baada ya kuyapima hayo yote, rai yangu ni kwamba chama kisikataze yote wala kisiruhusu yote, bali kitenganishe mambo manne.

Kwanza, mahali pa mtu binafsi. Meza ya mfanyakazi, ingawa ni mali ya chama, ndipo anapokaa kutwa nzima. Kadi ya sikukuu, kalenda ya msikiti au ya kanisa, au ua dogo alilolinunua mwenyewe, halimdhuru mtu. Aruhusiwe, na mwenzake vile vile, mradi pambo lisimtukane mtu, lisimhubirie anayekuja kuhudumiwa, wala lisizuie kazi.

Pili, mahali pa wote. Dirisha la malipo, ubao wa matangazo, mlango wa ghala, chumba cha mikutano na mizani ni mali ya wanachama wote kwa pamoja. Hapa mwanachama anakuja kutafuta haki yake, wala hana dirisha jingine la kwenda. Mahali hapo pasiwekwe pambo la dini yoyote. Mahali hapa kila mwanachama ajione mwenye nyumba.

Tatu, fedha. Fedha ya chama isinunue mapambo ya dini, hata kama ni kidogo. Mkaguzi akikuta hati ya malipo ya namna hiyo, hatauliza kama kiasi ni kikubwa. Atauliza kama kimo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Fungu la matumizi mengineyo si mfuko wa kutupia kila kisicho na jina. Wafanyakazi wakipenda kuchangishana wao kwa wao kwa ajili ya sikukuu ya mwenzao, hilo ni jambo jema na ni lao. Lakini mchango uwe wa hiari kweli, na katibu asipite na orodha mkononi, maana mdogo hawezi kumkatalia mkubwa wake.

Nne, usalama na utaratibu wa kazi. Hili halina dini. Mishumaa na ubani visiwashwe ndani ya ofisi yenye mafaili, wala karibu na ghala lenye magunia. Taa za mapambo zisiunganishwe kwenye nyaya zilizochakaa, wala zisiachwe zikiwaka usiku. Pasitundikwe kitu chochote kwenye mizani au karibu nayo, wala kisifunikwe chochote ambacho mwanachama ana haki ya kukisoma: bei, makato, ratiba ya malipo, hati ya kuandikishwa kwa chama na matangazo ya mkutano. Kama chama kile cha korosho kingezingatia hili peke yake, nusu ya maneno isingesemwa.

MAPAMBO AMBAYO NI YETU SOTE

Isidhaniwe kwamba ninataka ofisi za vyama ziwe kavu mwaka mzima. Ushirika una siku zake. Siku ya Ushirika Duniani imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1923, nayo huangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai. Wakulima wanayo siku yao ya Nanenane, tarehe 8 Agosti. Upo pia ufunguzi wa msimu wa mauzo, ambao kila mwanachama huungoja. Siku hizo chama kipambe ofisi na ghala kadiri makisio yanavyoruhusu: mazao bora ya wanachama, matawi ya mikorosho au mibuni, picha za waasisi, na takwimu za mauzo zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Hapo kila apitaye ataona jasho lake limetundikwa ukutani, na hakuna atakayeuliza yamenunuliwa kwa korosho za nani.

Kuheshimu sikukuu za dini nako kuna njia nyingi zisizogharimu kitu. Katibu asipange siku ya malipo iangukie Idd au Ijumaa Kuu. Mkutano wa bodi usiitishwe saa ya sala ya Ijumaa, wala Jumapili asubuhi, wala Jumamosi panapokuwa na wanachama Wasabato. Mwezi wa Ramadhani, mizani ifunguliwe mapema ili mwenye kufunga asikae juani mpaka alasiri. Mwanachama aliyepangiwa saa zinazoheshimu ibada yake amepewa heshima kubwa kuliko taa mia moja za rangi.

KIELELEZO CHA AZIMIO

Vyama vinavyopenda kulimaliza jambo hili mapema vinaweza kujadili azimio la namna hii, na kulirekebisha kadiri ya mazingira yao:

1. Mfanyakazi anaruhusiwa kuweka mezani pake pambo dogo la sikukuu yake kwa gharama yake mwenyewe, kuanzia siku 7 kabla ya sikukuu hadi siku 3 baada yake. Kalenda na vitu vidogo vya kawaida havina kikomo cha siku.

2. Mahali pa kuhudumia wanachama, ghala na ubao wa matangazo havitawekwa mapambo ya dini yoyote.

3. Fedha za chama hazitatumika kununua mapambo ya dini. Mapambo ya siku za ushirika na za wakulima yatatengewa fungu katika makisio.

4. Mavazi ya heshima yanayotokana na imani ya mtu hayahesabiwi kuwa mapambo, ila pale ambapo usalama wa kazi unahitaji vinginevyo.

5. Mwenye malalamiko atayapeleka kwa katibu, na asiporidhika kwa bodi, ambayo itatoa jibu kwa maandishi.

Nimependekeza siku zihesabiwe kutoka kwenye sikukuu yenyewe badala ya kutaja tarehe, kwa sababu niliyokwisha kuieleza ya kuhama kwa sikukuu za Kiislamu.

Azimio hili lipitishwe na mkutano mkuu, wala lisiishie katika bodi. Bodi huwa na watu wachache, na inaweza kutokea kwamba wote ni wa dini moja. Likipitishwa na mkutano, katibu hatalaumiwa kwa kulisimamia, na mwanachama atajua kwamba kilichomzuia ni neno lake mwenyewe.

HITIMISHO

Huenda msomaji angependa kujua mwisho wa chama kile. Mkutano uliondoa tangazo la marufuku, ukaamua kwamba gharama ya mti irudishwe katika mfuko wa chama na walioidhinisha malipo yale. Kiasi kilikuwa kidogo, nao wakakilipa siku ile ile mbele ya wanachama. Mtunza ghala anavaa kofia yake, kalenda ya karani imerudi mezani. Nilipopita tena Desemba iliyofuata, dirisha la malipo lilikuwa tupu, na taarifa ya makato ilisomeka yote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Juu ya meza ya karani palikuwa na mti mdogo, mfupi kuliko chupa ya wino. Nilimuuliza ameununua wapi. Akanijibu kwamba amepewa zawadi na mtunza ghala.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Makatibu wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kuleta nakala ya azimio lao katika ofisi ya chama kikuu ili vyama vingine vipate kujifunza.